Salamu zangu zilivyoziba email za Stockholm, tukamfuata fundi kwenye ngoma ya vyura

Wakuu, nawasalimu, ila kwa tahadhari. Mkisoma mpaka mwisho mtajua kwa nini siku hizi nasalimia mara moja tu kisha nakaa kimya.

Haya yalinitokea mwenyewe. Kama nimeongeza neno la uongo, intaneti ya nyumbani kwangu ikatike leo na fundi aje baada ya Idi.

Haya, tuanze.

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa Stockholm, nasoma na kufanya kazi kwenye idara moja ya chuo. Kazi yangu rasmi ilikuwa utafiti. Kazi niliyosukumiwa ilikuwa kulea kompyuta ya idara, Unix, dude kubwa kama kabati la nguo. Waswidi walikuwa wanaipa kila mashine jina. Yetu iliitwa Kantarell, na huo ni uyoga wa porini.

Nyie mnaojua kubonyeza "send" tu, nisikilizeni. Email ya siku zile haikuruka, ilitembea kwa miguu. Mashine inapigia mwenzake simu kwa modemu, inamwachia barua, huyo naye anampigia mwingine, hivyo hivyo mpaka ng'ambo.

Na anwani unaandika njia nzima, mashine kwa mashine, katikati unaweka alama ya mshangao. Anwani ya mtu mmoja wa Kanada ilikuwa na alama za mshangao sita. Ukiisoma kwa sauti, jirani anadhani unagombana na mkeo.

Barua zetu zote zilipitia kwenye mashine moja kubwa mjini. Tuiite kituo. Kituo kilitunzwa na Mswidi anaitwa Gunnar, mtu mrefu, mkimya, ambaye nilimjua kwenye simu tu. Alikuwa na uwezo wa kukukata kwenye mtandao wa dunia kwa kidole kimoja, na alikuwa anajua hivyo.

Sasa programu ya kupokea na kusambaza barua ilikuwa sendmail. Wakuu, faili lake la config lilikuwa kama kuku amekanyaga wino akapita juu ya karatasi. Kuna mistari ambayo kati ya kushoto na kulia lazima uweke Tab. Ukiweka space haikwambii kitu, inakutazama tu. Nilipoteza siku mbili kwa ajili ya Tab moja. Nilipoiona nilicheka peke yangu mpaka katibu wa idara akaja kunifungia mlango.

Basi mimi nikajiona bingwa. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Pale idarani alikuwepo Mzee Ssali, Mganda. Alikuwa anadeki korido letu. Kwao Kampala alikuwa mhadhiri wa hisabati, ana udaktari wake wa kusomea kabisa. Mambo ya kule yalipochafuka akakimbia, akapita Nairobi ambako aliokota Kiswahili chake, akaishia chumba cha kupanga Rågsved, pembezoni mwa mji, na ndoo, na dekio. Miaka tisa.

Mimi nilikuwa namheshimu kama baba. Yeye alikuwa ananigombeza kama mwanawe, kwa sababu nakula mkate mkavu mbele ya kompyuta.

Mwaka huo rafiki yake wa zamani, profesa huko Kanada, alimpigania nafasi ya kufundisha. Wakabaki wawili, Mzee na mtu mwingine. Profesa akamwandikia barua ya posta: kamati inaamua Alhamisi, uamuzi nautuma kwa email, na jibu lako nilipate kabla ya Ijumaa saa nne asubuhi ya huku, la sivyo nafasi anapewa mwenzako.

Saa nne ya kwao ni saa kumi jioni ya kwetu. Mzee hakuwa na simu chumbani wala account ya email, kwa hiyo barua ingekuja kwenye account yangu. Namba ya simu ya profesa hakuwa nayo. Tulikuwa na zile alama sita za mshangao, basi.

Mzee alikosa raha wiki nzima. Kila akipita na ndoo anachungulia. "Hamisi, barua ikifika na wewe umeenda kula?"

Nikamwambia itanisubiri, Mzee.

"Banange! Isubiri? Mtu anapiga hodi, nyumba iko na watu, na hakuna anajibu? Hiyo ni tabia gani?"

Nikaona kweli. Kwetu sisi mtu akikusalimia ukamnyamazia, hiyo ni kesi. Mjomba wangu mmoja hakuenda harusini kwa sababu ya salamu moja isiyoitikiwa.

Nikaandika skripti. Barua yoyote ikiingia Kantarell, mashine yenyewe inajibu papo hapo: "Tumepokea barua yako kwa niaba ya Mzee Ssali na wote. Asante sana. Habari za nyumbani?" Na chini yake Kiingereza, kwa faida ya Mkanada.

Halafu nikawaza, huwezi kusalimia nyumba ukamruka mkubwa wake. Kila mashine ilikuwa na anwani ya mkuu wa posta. Nikaongeza kwamba kila jibu, nakala iende kwa mkuu wa posta wa mashine iliyotuma. Na kwa kuwa kituo ndicho mkubwa wa ukoo, nakala nyingine kwa Gunnar.

Adabu zangu zote nilizofundishwa na bibi nilizitia mle ndani.

Skripti ikaniridhisha hivi kwamba nikamtumia rafiki yangu Mutiso. Mutiso ni Mkenya, Mkamba wa Machakos, alikuwa anaangalia kompyuta kwenye kiwanda kimoja Södertälje, mji wa jirani. Akanipigia simu anacheka, "Hii ni poa sana, bwana. Naiweka kwangu pia vile ilivyo, nabadilisha jina la mashine tu."

Mshaona inakoelekea? Mimi sikuona.

Alhamisi alasiri, kabla ya kwenda nyumbani, nikaijaribu. Nikamtumia Mutiso neno moja: "Hujambo."

Nikavaa koti nikaondoka zangu.

Nyuma huku mashine ya Mutiso ikajibu, asante, habari za nyumbani. Ikamsalimia na mkuu wa posta wangu. Kantarell ikapokea salamu mbili, ikajibu zote mbili, na kila moja na nakala kwa mkuu wa posta wa kule. Kule zikafika nne. Zikajibiwa nane. Hakuna aliyekubali kuwa wa mwisho kusalimiwa bila kuitikia. Na kila salamu, nakala kwa Gunnar.

Mashine mbili, wakuu, zinaulizana habari za nyumbani kwa maelfu, na hakuna hata moja yenye nyumba.

Sasa ongezeni hili: Ijumaa ile ilikuwa mkesha wa sikukuu yao ya katikati ya kiangazi. Mliokaa Sweden mnaijua. Nchi nzima inafungwa. Hata mwizi anaenda shamba.

Saa tatu asubuhi nikafungua idara kwa ufunguo wangu. Mzee yuko mlangoni, amevaa suti ya kijivu na tai. Nikamuuliza suti ya nini, hapa hakuna mtu. Akasema barua kama ile haipokelewi na ovaroli.

Nikawasha terminal. Diski imejaa. Imejaa kabisa, hata faili tupu huwezi kuweka. Nikafungua queue, foleni ya barua, mistari ikaanza kushuka, habari za nyumbani, habari za nyumbani, habari za nyumbani, mpaka macho yakaniuma.

Mzee akasoma begani kwangu. "Hawa watu wote wananijua mimi?"

Nikafuta, nikazima skripti, nikampigia Mutiso azime yake. Kisha nikaiambia Kantarell ipigie kituo, ichukue barua zetu. Kituo kikakataa. Nikarudia, kikakataa. Gunnar alikuwa ametukata.

Nikapiga simu ofisini kwake. Mashine ya kupokea simu ikanijibu kwa sauti yake: sikukuu njema, nitarudi Jumatatu.

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Barua ya Mzee ilikuwa imefika mjini, imelala kwenye kituo mwendo wa nusu saa kwa miguu, na mlango nimeufunga mimi kwa adabu zangu. Nikamweleza ukweli wote. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akalegeza tai, akasema, "Miaka tisa, kijana yangu." Bora angenizaba kofi.

Mutiso ndiye aliyetuokoa. Nilipompigia tena alisema kijumba cha mapumziko cha Gunnar kipo karibu na Södertälje, aliwahi kualikwa kula kamba wa maziwani. Tukapanda treni mbio, Mutiso akatupokea stesheni na gari lake kuukuu, tukashika njia ya msituni. Mutiso anaendesha anajitetea, "Lakini script ilikuwa yako." Mzee akamwambia nyamaza, tazama barabara.

Tulifika kwenye saa saba na nusu.

Tukakuta uwanja wa nyasi, katikati mlingoti umevikwa majani na maua, na watu wazima wapatao arobaini wanauzunguka wakirukaruka kama vyura. Siongezi chumvi. Wamechuchumaa, mikono masikioni, wanaimba kwamba chura hana masikio wala mkia. Mmoja anapiga kodiani. Na kati ya vyura hao, mrefu kuliko wote, ana taji la maua kichwani, Mutiso akanionyesha kwamba ndiye Gunnar.

Nikamwendea, nikajitambulisha. Akaacha kuruka.

"Kantarell," akasema.

Nikasema ndiyo.

Akasimama wima. Kisha akauliza kwa Kiswidi, yale maneno, habari za nyumbani, maana yake nini? Yamejaza diski yangu yote.

Nikamweleza kwamba tunauliza, nyumbani kwako wazima?

Akafikiri. "Hapana," akasema. "Paa linavuja, na mama yangu hataki nilitengeneze."

Nikamwomba atufungulie. Akatikisa kichwa, leo hakuna kazi, hata kuitaja ni mwiko. Mama yake akaja, bibi mfupi mwenye taji kubwa kuliko la mwanawe, akatutazama mmoja mmoja, akatoa hukumu: kwanza mle, halafu mruke, ndipo mzungumze.

Sasa nani kati yetu angekataa? Ukiingia kwa watu ukakataa chakula, umekuja kufanya nini? Tukakalishwa. Samaki mbichi waliolala kwenye siki na sukari, viazi vipya vya kuchemsha, na pombe kali kwenye viglasi, nikaipisha ikaenda kwa Mutiso, ambaye naye akaiweka kando kwa sababu ya usukani. Mzee anakula huku anatazama saa. Saa nane. Saa nane na robo.

Kisha tukaruka. Mimi, Mkamba, na mhadhiri wa hisabati aliyevaa suti ya kijivu. Nawaambia Mzee Ssali aliruka kuliko sote. Aliruka kama mtu ambaye kazi yake iko mwisho wa ule mzunguko. Bibi akampigia makofi, akavua taji lake akamvika.

"Gunnar," akasema bibi, "wasaidie."

Kumbe Gunnar alikuwa na terminal ndogo ya kubeba pale pale kijumbani. Ina vikombe viwili vya mpira, unalaza mkono wa simu juu yake, mashine inapiga miluzi ndani ya simu na kituo kinajibu. Unachoandikiwa kinatoka kwenye karatasi ya kuchapia kwa joto.

Akapiga. Kituo kikaitika. Karatasi ikatoka imejaa mabano na vikorokoro visivyosomeka.

Kodiani! Sauti ilikuwa inaingia kwenye vikombe. Kila mpigaji akivuta, mstari unaharibika. Gunnar akakata, akapiga tena. Nje wakaanza duru nyingine ya vyura. Vikorokoro.

Bibi akatoka kibarazani akapiga ukelele mmoja tu. Watu arobaini wakanyamaza, wengine wamechuchumaa vile vile, mikono masikioni. Tukafunika simu kwa duveti na mito miwili. Mutiso akalala juu yake kifudifudi kuziba pembeni.

Mara hii ikashika. Gunnar akafungua sehemu ya barua zetu. Maelfu. Akaiambia mashine itafute jina Ssali.

Zikatoka zote. Si nilimweka Mzee kwenye kila salamu!

Saa tisa kasoro dakika tano. Gunnar akanitazama vibaya mno. Tafuta Canada, nikasema. Nayo ilikuwemo kwenye maelezo ya kila jibu, maana niliandika pia kwamba tunasubiri barua ya Kanada. Mimi na kuongea kwangu, hata kwa maandishi.

Hapo Mzee akakohoa. Akasema kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi, "Jaribu Dr. Yule rafiki yangu bado ananiandikia hivyo."

Gunnar akaandika. Ikatoka moja.

Karatasi ikashuka polepole. Kamati imemchagua. Bado unataka? Jibu leo.

Mutiso akataka kushangilia, tukamkandamiza palepale kwenye mto. Mzee akanyoosha tai, akaweka taji la maua sawa, akaanza kuamuru: "Andika. Kwanza nianze na salamu. Natumaini wewe na familia..."

"HAPANA!" Tulipiga kelele watatu kwa pamoja, Mkenya, Mtanzania na Mswidi. Mstari ukaharibika, tukapiga upya.

Jibu likawa sentensi moja: nakubali, Ssali. Gunnar akakilazimisha kituo kipige simu ng'ambo saa ile ile badala ya kungoja usiku simu ziwe rahisi, na akaitia barua alama ya haraka ili mashine za mbele nazo zisingoje. Kisha tukakaa kusubiri uthibitisho. Vyura nje wameruhusiwa kukaa kwenye nyasi, lakini kimya.

Kwenye kusubiri ndipo Gunnar alipogeuka. Alimwangalia Mzee vizuri kwa mara ya kwanza, akamuuliza, doktor wa nini?

Wa hisabati, Mzee akasema.

Gunnar akawa mwekundu mpaka shingoni. Alisema, "Nimesoma kwenye jengo lile miaka minne. Wewe ni yule wa ndoo. Kila asubuhi ulikuwa unanisalimia."

"Ndiyo. Nakukumbuka. Ulikuwa na begi la kijani."

"Sikuwahi kukujibu," Gunnar akasema. "Hata siku moja."

Mzee hakumwambia haidhuru. Alisema, "Nilikuwa nahesabu kwamba kesho utajibu."

Mimi nilitoka nje, wakuu. Nilikwenda nyuma ya choo cha mbao nikalia, na sioni aibu kuandika hapa.

Niliporudi, karatasi ilikuwa inashuka. Saa kumi kasoro dakika nane. Imepokelewa, karibu sana, Dr. Ssali. Gunnar aliikata kwa uangalifu kwa rula, asiichane, akasimama, akampa Mzee kwa mikono miwili. Hilo hakuna aliyemfundisha.

Agosti Mzee akaondoka. Akafundisha huko mpaka akastaafu. Wanafunzi wake walimwogopa, nasikia, na sishangai.

Funzo la kiufundi: ukiandika programu ya kujibu barua yenyewe, iangalie kwanza kama inayemjibu ni mtu au ni mashine, na iweke orodha ya wale iliokwisha kuwajibu, isijibu mara mbili. Na usimwekee mkubwa nakala.

Funzo jingine: yule anayedeki ofisini kwako, kesho asubuhi mwitikie. Hujui anahesabu siku ya ngapi.

Wazee wenzangu mlioshika sendmail enzi zile, nanyi leteni maafa yenu hapa chini, nisiaibike peke yangu. Na ombi langu ni moja: msianze na salamu, nendeni kwenye hoja moja kwa moja.